Shravanabelagola saa sita mchana? Hupandi

Mkuu umeandika unatoka Mysuru saa nne ukishamaliza chai, ufike Shravanabelagola, huko huko Karnataka, kusini mwa India, saa sita hivi, upande kilima cha Vindhyagiri ukaone ile sanamu ya Bahubali, mtakatifu wa dini ya Kijaini, halafu unauliza kamera gani, utakula wapi na basi ni lipi. Acha kamera kwanza. Saa sita mchana HUPANDI.

Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni Bangalore, mwezi wa nne. Kaka mmoja wa mwaka wa tatu, Mbongo mwenzetu kabisa, ndiye aliyenipanga, "dogo kale kakilima tu, ngazi mia sita na kitu, dakika ishirini uko juu". Ngazi kweli ni kama 650, zimechongwa kwenye jiwe lenyewe. Alichomeza ni kwamba viatu vinabaki chini, kilima chote ni mahali patakatifu, hata ndala marufuku. Na lile jiwe ni granaiti, kipara kitupu.

Pale chini mama mmoja anauza soksi. Akaninyooshea pea, rupia 30, huku ananionyesha miguu yangu. Nikacheka. Mtoto wa Tandika, nimecheza chandimu peku saa nane mchana, leo nivae soksi nipande ngazi?

Ngazi mia za kwanza nilikuwa mwanaume. Kufika katikati naruka kama bisi, mara nakanyaga kisigino, mara ubavu wa mguu, nikiona kivuli cha ukuta upana wa kiganja naganda hapo kama mjusi. Maji ya kunywa lita nzima nikamwagia nyayo, yanakauka kabla sijafunga kifuniko. Hapo anashuka bibi wa Kijaini, sari nyeupe, soksi nene mbili mbili, taratiiibu. Akanitazama miguu, akanitazama usoni, akapita. Afadhali angenitukana.

Juu nilifika, maana kurudi nako ni moto ule ule. Bahubali yupo, futi 57, jiwe moja, tangu mwaka 981 alipochongeshwa na Chavundaraya, waziri na jemadari wa wafalme wa ukoo wa Ganga. Yuko uchi, mimea imemtambaa miguuni mpaka mikononi, wanasema alimshinda kaka yake, akauacha ufalme, akasimama kutafakari bila kutikisika mpaka majani yakamuotea. Mimi mbele yake dakika mbili zilinishinda, nikakimbilia barazani.

Malengelenge nyayo zote mbili. Siku tisa natembelea visigino, mtihani wa maabara ukanipita, na hela ya bajaji hosteli na chuo ingevalisha soksi mtaa mzima. Nikamfuata yule kaka, eti "aah mimi nilipanda saa kumi na mbili asubuhi". SASA SI UNGESEMA!! Mpaka leo nikimwona kwenye grupu la wasap napita kimya.

Kwa hiyo lala hapo hapo kijijini au mji wa jirani, Channarayapatna, jua likichomoza uwe ngazi ya kwanza, na soksi nene za pamba umeshavaa, siyo ziko kwenye begi. Ukichelewa, ghairi, kunywa chai, mtazame kwa mbali. Usije ukaniambia una miguu migumu, hata mimi nilikuwa nayo.

Basi unabadilisha hapo Channarayapatna. Ile sherehe ya sanamu kumwagiwa maziwa na manjano ni kila miaka 12, ya mwisho 2018, usiingoje.

Kamera hata sijui, siku ile nilipiga picha nne na tatu ni za nyayo zangu.