Mrukaji wa fahali wa Knossos: kipi cha kale, kipi cha mkarabati?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sanaa sekondari. Kitabu chetu kina picha ya fahali anayekimbia huku kijana akipiga kichwangomba juu ya mgongo wake, na chini yake imeandikwa "Knossos, Krete". Wanafunzi wangu wawili ni watoto wa wafugaji. Walipoiona walicheka wakasema hakuna fahali atakayekubali hivyo. Je, picha hii ni ya kale kweli jinsi ilivyo? Tendo hilo linawezekana? Na fahali huyo alichinjwa baadaye?

Jibu: Mwalimu, wape pongezi hao watoto wa wafugaji. Walichokiona kinatushughulisha hadi leo sisi tunaofanya kazi ya michoro ya ukutani, tangu enzi za Arthur Evans, mwanaakiolojia Mwingereza aliyeanza kuchimba magofu ya kasri la Knossos, katika kisiwa cha Krete nchini Ugiriki, mwaka 1900.

Nianze na picha yenyewe. Mchoro haukukutwa mzima ukutani. Ulikuwa umeporomoka, na kilichookotwa upande wa mashariki wa kasri ni vipande vya lipu ya chokaa, vimechanganyika na vya michoro mingine ya aina hiyohiyo. Evans aliwatumia wachoraji wawili, Émile Gilliéron na mwanawe mwenye jina hilohilo, kuunganisha michoro ya Knossos na kujaza mapengo kwa rangi mpya. Ukiukaribia mchoro huo katika Makumbusho ya Akiolojia ya Heraklion, hukohuko Krete, unaweza kutenganisha kazi hizo mbili: vipande vya kale vina nyufa na kingo zilizomeguka, rangi imechujuka hapa na kushika pale, ilhali kijazio ni laini na rangi yake ni moja tupu. Kitabu kikiichapa kwa udogo, tofauti hiyo hupotea. Wala mchoro wenyewe si mkubwa: pamoja na pambizo, kimo chake ni kama sentimita 78.

Bado si wa kutupwa. Fahali na watu watatu wamejengwa juu ya vipande halisi, na rangi yake imedumu kwa sababu fundi aliipaka lipu ikiwa mbichi. Chokaa inapokauka hufyonza hewa ya kaboni dioksidi na kurudi kuwa jiwe, ikaifungia rangi ndani. Ila mkarabati hukosea. Hapohapo Knossos, umbo la buluu linalochuma maua ya zafarani lilikarabatiwa likawa mvulana, na baadaye ikatambulika kwamba lilikuwa nyani. Kwa hiyo ukitaka kujenga hoja juu ya mkono au kidole katika picha hii, hakikisha kwanza kipo kwenye kipande cha kale.

Sasa kicheko cha wanafunzi. Evans alieleza hivi: mrukaji anazishika pembe, fahali anarusha kichwa juu, mtu anatupwa hewani, anapinduka, anatua kwa miguu mgongoni, kisha anashuka nyuma na kudakwa na mwenzake. Aliyewahi kuchunga ng'ombe anajua shida iko wapi. Fahali akishambulia hainui pembe wima kama mtu anayempandisha mtoto begani. Hupiga kichwa kwa upande, kushoto au kulia, na aliyezishika pembe hurushwa pembeni, si mgongoni. Wanafunzi wako wako sahihi kuhusu maelezo hayo.

Kuhusu tendo lenyewe nawapinga. Mwaka 1976 mtafiti John Younger alizipanga picha za kale za warukaji wa fahali zilizojulikana kwa kufuata mkao wa mrukaji, na nyingi hazionyeshi mtu akizishika pembe. Mrukaji anapita juu ya kichwa cha mnyama kama anayepiga mbizi, anaweka mikono mabegani mwa mnyama, anapinduka na kutua nyuma. Huo mwili wa binadamu unauweza. Huko Landes, kusini magharibi mwa Ufaransa, hadi leo wapo wanaomruka ng'ombe jike anayewajia mbio, bila kumgusa kabisa. Kwenye mchoro wetu, kati ya wale watu watatu, mwenye ngozi nyekundu ana mikono mgongoni mwa fahali na miguu hewani, na mweupe wa mbele aliyeshika pembe mimi namwona kuwa msaidizi anayemshughulisha mnyama, si mtu anayejiandaa kuruka.

Waonyeshe pia miguu ya fahali: ya mbele imenyooshwa mbele na ya nyuma imenyooshwa nyuma kwa wakati mmoja, na kiwiliwili kimevutwa kuwa kirefu mno. Ng'ombe hakimbii hivyo. Fundi alikuwa anachora kasi, na kwangu hapo ndipo uzuri wa kazi hii ulipo. Usimsome kama mtu aliyepiga picha kwa kamera.

Rangi za ngozi ni mjadala mwingine. Evans, kwa kufuata desturi ya Misri, alisema weupe ni wanawake na mwekundu ni mwanamume. Lakini hao weupe wamevaa vazi la kiunoni la kiume, na wapo wanaosema watatu hao ni mrukaji mmoja katika hatua tatu. Mimi sikubaliani na hilo la mwisho: fundi angekuwa na sababu gani ya kumbadilishia mtu yuleyule rangi katikati ya mruko?

Kuchinjwa, hapana, picha hii haisemi hivyo. Fahali aliyechinjwa yupo kwenye jeneza la mawe la Hagia Triada, lililopatikana mwaka 1903 kusini mwa kisiwa: amefungwa kamba juu ya meza, damu inatiririka kutoka shingoni hadi kwenye chombo kilichowekwa chini, na nyuma yake mtu anapiga filimbi. Mrukaji hayupo hapo. Vitabu vinavyounganisha matukio hayo mawili kuwa sherehe moja vinaunganisha michoro ambayo waliochora hawakuiunganisha.