Nachora twiga kila siku, jina langu litatoka lini?

SWALI: Shikamoo dada. Nimesoma sanaa hapa TaSUBa, sasa hivi nachora tingatinga, zile picha za wanyama za rangi kali, nawauzia watalii, twiga simba tembo, hela ya kula haikosi. Ila ndani nina michoro ya mkaa ya kina mama wanaokaanga samaki kule pwani, ule moshi na yale makarai, sijawahi kumuonyesha mtu. Wenzangu wananiambia nitafute staili yangu nihamie Dar. Nianzie wapi?
– Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mi naona hiyo unayoitafuta umeifungia ndani. Hao kina mama hakuna aliyekutuma uwachore na hujalipwa hata mia, ila bado unarudi kuwachora, sasa hapo ndo pa kukaa. Kaa napo mwaka mzima, huyo huyo mama, karai hilo hilo, asubuhi moto unapowashwa na jioni mafuta yakishakuwa meusi, mpaka mkono wako uujue ule moshi bila kuangalia.

Edward Saidi Tingatinga, mwenye hiyo staili unayochora, alianza kuchora Dar 1968 kwa rangi za mafuta za madukani, zile za kupakia baiskeli, juu ya mbao za dari, akafariki 1972, yani miaka minne tu na mpaka leo wewe unakula kupitia mkono wake. Alishika vilivyokuwepo. Na wewe mkaa upo hapo hapo kwenye jiko unalolichora, jamani!

Twiga usiwaache, kodi hailipwi na moshi. Ila watengee siku zao na kina mama siku zao, maana ukichanganya, mteja atakuchagulia hadi rangi. Mchoraji Sungi Mlengeya alikuwa anafanya kazi benki kabla hajaacha 2018 akachora moja kwa moja, wanawake weusi kwenye nyeupe tupu, na ukiona picha yake huulizi ya nani. Na usihesabu miaka, msanii Lubaina Himid aliyezaliwa Zanzibar 1954 alipata Turner, tuzo kubwa ya sanaa kule Uingereza, 2017, ana miaka 63, na kazi alikuwa anafanya miaka yote hiyo.

Kitu ambacho wengi wenu hamfanyi na kinaniuma kweli: kila mchoro upige picha mchana kwenye mwanga mzuri, nyuma andika jina lako, mwaka, saizi na umechorea nini, halafu kwenye daftari andika nani kanunua na bei gani. Mwenye galari akikuuliza umefanya nini miaka hii utamuonyesha, sio unaanza kutafuta kwenye simu iliyopasuka kioo. Mkaa pia unafutika, upulizie dawa ya kushikia kabla hujaubeba.

Dar usihamie kwanza, nenda urudi, si mbali. Pita Nafasi Art Space, kituo cha wasanii pale Mikocheni, uone wenzio wanavyofanya kazi, beba michoro kumi ya kina mama, twiga waache nyumbani.