Ganzi Iko Kidoleni, Tatizo Liko Kwenye Kiwiko

Juzi msomaji ameniandikia: kidole chake cha mwisho na upande mmoja wa kile cha pete vimekufa ganzi, amechua kwa kila dawa, wapi. Vidole hivyo navijua. Vyangu vilikuwa hivyohivyo, na leo nafunga vifungo vya shati bila kuangalia.

Ndugu yangu, acha kukichua kidole. Ufuate mshipa wa fahamu, yaani neva, hadi unakobanwa.

Ganzi ya gumba, shahada na kidole cha kati mara nyingi huanzia kwenye kifundo cha mkono. Kidole cha mwisho ni himaya ya neva ya ulna, ambayo hupita nyuma ya kiwiko, kati ya mfupa na ngozi, bila nyama ya kuikinga. Ndiyo inayokupiga shoti ukijigonga hapo. Mimi nilikuwa nalala mkono umekunjwa chini ya shavu, na mchana naegemea kiwiko mezani. Daktari wa kwanza akasema ni mawazo tu. Kauli ile inaniuma mpaka leo, kuliko hata ganzi yenyewe. Wa pili alinigonga taratibu nyuma ya kiwiko kwa ncha ya kidole, shoti ikakimbia hadi kwenye ukucha. Hakuuliza zaidi.

Uzi wa neva ukiwa umetulia, ndani yake kuna chaji hasi ya takriban milivolti 70 ukilinganisha na nje. Ukisisimuliwa, vijilango kwenye utando wake hufunguka, sodiamu inaingia na chaji inageuka. Vijilango vya jirani navyo vinafunguka, hivyo hivyo hadi mwisho. Nyuma yake potasiamu inatoka na hali inarudi ilivyokuwa. Nyuzi zilizovikwa ala ya mafuta iitwayo mayelini huirusha ishara kutoka pengo hadi pengo, na zenye kasi zaidi hupita mita 100 kwa sekunde. Nyuzi nyembamba za maumivu, zisizo na ala, huenda mita 1 hivi. Ndiyo maana ukijikwaa unahisi kishindo kwanza, maumivu yanakuja baadaye.

Neva ikibanwa, kwa kawaida ala ndiyo huumia kwanza. Ukiiachia mapema, hujengwa upya kwa wiki au miezi michache. Lakini uzi wenyewe ukifa, huota tena kwa takriban milimita 1 kwa siku, na kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole ni sentimita 40 hivi. Piga hesabu mwenyewe.

Mimi niliacha kuegemea kiwiko, na usiku nikakizungushia taulo ili mkono usikunjike. Basi. Kupona kwenyewe kulikuja kwa sura mbaya, kidole kikiwasha na kuungua, nami nikashikilia taulo langu. Nyie mnaotaka kidonge cha leo kwa leo, vitamini B12 humsaidia aliyepungukiwa nayo; haiondoi kiwiko mezani. Acheni kuegemea! Na ganzi ya nyayo zote mbili ni habari nyingine, kapime sukari.

Wewe uliyeniandikia, anza na taulo usiku huu. Ila tazama nyama iliyo kati ya gumba na shahada, upande wa mgongo wa kiganja. Ikiwa imebonyea, au funguo zinakuponyoka, nenda kwa daktari apime kasi ya neva.