Maswali Yenu: Meno na kaakaa katika kumtambua marehemu

SWALI: Nasikia aliyeungua vibaya hutambuliwa kwa meno. Kwani meno hayaungui? Na daktari anajuaje ni ya nani?

JIBU: Yanaungua, ila ndiyo ya mwisho kuharibika. Enameli, yaani ganda gumu la nje, karibu asilimia 96 yake ni madini, na midomo, mashavu na ulimi huyakinga meno kwa muda, hasa magego. Balaa huja moto ukishazimwa. Jino lililoungua humeguka kama chaki, kwa hiyo hupigwa picha palepale na kupuliziwa gundi nyepesi kabla mwili haujanyanyuliwa.

Jino peke yake halitaji jina la mtu. Kazi yote ni kulinganisha chati ya marehemu na kadi na eksirei za kliniki, jino kwa jino: lipi limezibwa, limezibwa upande gani, mizizi imepinda vipi. Hakuna idadi maalumu ya alama zinazotakiwa kufanana. Tofauti moja inaweza kumaliza mjadala. Kadi ikisema gego limezibwa na marehemu hana gego hilo, si neno, huenda liling'olewa baadaye. Lakini kadi ikisema limeng'olewa na eksirei ya marehemu inalionyesha limekaa na mizizi yake, huyo siye. Au kadi imekosewa, jambo ambalo si geni hata kidogo; ndiyo maana sisi huiamini eksirei kuliko mwandiko.

Namba za meno nazo zina mtego. Katika mfumo wa FDI (Shirikisho la Meno Duniani), 18 ni gego la mwisho la juu kulia. Marekani, wanakohesabu 1 hadi 32, 18 ni gego la pili la chini kushoto. Asiyeuliza kadi ilijazwa kwa mfumo gani anaweza kumkataa mtu sahihi.

SWALI: Na mzee asiye na jino hata moja?

JIBU: Hapo tunageukia kaakaa. Pitisha ncha ya ulimi nyuma ya meno ya mbele ya juu, utagusa matuta madogo. Huumbika mtoto angali tumboni, na mpangilio wake hutofautiana kati ya mtu na mtu. Kwa kawaida huwa matatu hadi matano kila upande wa mstari wa kati.

Juu ya nakala ya plasta ya kaakaa, kila tuta huchorwa kwa penseli kali na kupimwa. La milimita 5 au zaidi ni la msingi, la 3 hadi 5 ni la pili, la 2 hadi 3 huitwa kipande. Chini ya hapo huachwa. Kisha huandikwa umbo: nyoofu, lililopinda, la mawimbi, la duara. Hapa ndipo wapimaji hupishana, kwa kuwa tuta moja huyu ataliita la mawimbi na yule lililopinda. Kulaza picha mbili moja juu ya nyingine husaidia kuliko kulinganisha majina ya maumbo.

Kung'oa meno au kupanua kaakaa kwa vifaa husogeza matuta, na mwili ukioza hayapo tena. Halafu lazima pawe na cha kulinganishia. Meno bandia ya juu ya zamani mara nyingi yana chapa ya matuta hayo upande wa ndani, kwa hiyo msiyatupe. Yakitengenezwa mapya, mwombeni fundi aweke jina au namba chini ya akriliki angavu, yaani plastiki inayopitisha mwanga.

SWALI: Alama ya kung'atwa kwenye ngozi inatosha kumtia mtu hatiani?

JIBU: Haitoshi. Ngozi hunyumbuka na kuvimba, haihifadhi umbo la meno kama plasta. Ray Krone wa Arizona, Marekani, alihukumiwa kifo mwaka 1992, alama ya meno ikiwa ushahidi mkubwa dhidi yake. Vipimo vya vinasaba (DNA) vikamtoa gerezani mwaka 2002. Chenye thamani pale ni mate ya aliyeng'ata, kwa kuwa yana vinasaba vyake. Kabla jeraha halijaoshwa, hufutwa kwa pamba iliyoloweshwa maji safi yasiyo na vijidudu, kisha kwa pamba kavu, na zote mbili huachwa zikauke kabla ya kufungashwa.