Jibu: Kuwasha seva ya RADIUS kwenye kompyuta ya Windows 11

Mkuu, umeuliza kwa nini NPS (seva ya RADIUS ya Microsoft, yaani ya kuhakiki watumiaji wa mtandao) haionekani kwenye Windows 11 yako, na kama FreeRADIUS, seva ya RADIUS ya bure, inaweza kuhudumia ruta ya MikroTik kutoka kwenye kompyuta hiyohiyo. NPS huja na Windows Server tu, kwa hiyo usipoteze muda kuitafuta. FreeRADIUS inawezekana kabisa.

Wengi watakuambia utumie WSL2, ile Linux inayoendeshwa ndani ya Windows. Mimi sikushauri. Kwa kawaida WSL2 hukaa nyuma ya NAT (haina IP yake kwenye mtandao wako), ruta haiifikii, na ile portproxy ya netsh, amri ya Windows ya kuelekeza milango, hupitisha TCP peke yake ilhali RADIUS hutumia UDP, milango 1812 na 1813. Weka VirtualBox, programu ya kuunda kompyuta pepe, usakinishe Ubuntu ndani yake, na mtandao wake uchague Bridged ili ipate IP yake kwenye LAN. IP hiyo iwe ya kudumu.

Kisha: sudo apt install freeradius freeradius-utils. Ruta iandikishe kwenye /etc/freeradius/3.0/clients.conf pamoja na neno la siri, na watumiaji kwenye mods-config/files/authorize ndani ya folda hiyohiyo. Simamisha huduma kwanza (sudo systemctl stop freeradius), la sivyo italalamika kuwa mlango unatumika, halafu endesha sudo freeradius -X. Hiyo -X huonyesha kila hatua ya seva, ndiyo mwalimu wako, isome mstari kwa mstari.

Jaribu kwa radtest, amri ya kutuma ombi la majaribio, ukiwa ndani ya Ubuntu kabla ya kugusa ruta. Ukipata Access-Accept (yaani mtumiaji amekubaliwa) hapo lakini ruta inakwama, linganisha neno la siri pande zote mbili na IP ya ruta uliyoandika. Na tafadhali usiache testing123, neno la siri linalokuja na FreeRADIUS.