Wakili anataka nyumba yangu iwe dhamana ya ada yake

Dada, pole na yaliyokukuta. Umesema talaka imekwisha, mahakama imekupa nyumba ya Chikongola, na sasa wakili wako anakudai ada iliyobaki na amekuletea karatasi ya kuiweka nyumba hiyo rehani. Usisaini leo. Wala kesho.

Deni ni deni, sikufundishi kulikimbia, mtu alikupigania. Lakini rehani ni jambo jingine kabisa: ukishindwa kulipa, nyumba inaweza kuuzwa bila wewe kufunguliwa kesi nyingine. Watoto mtawapeleka wapi, Mikindani kwa bibi?

Kwanza hati imeandikwa jina la nani? Kama bado ni la mzee, yaani mume mliyeachana, huna cha kuweka rehani mpaka uhamisho ukamilike, hata kama hukumu unayo mkononi.

Pili, mwombe ankara yenye mchanganuo: siku gani alikwenda mahakamani, aliandika nini, ulishalipa kiasi gani. Tafuta na risiti zako. Mkibishana kuhusu kiasi, kuna Amri ya Malipo ya Mawakili ya 2015, na ankara hupelekwa kwa msajili wa mahakama akaikagua na kuipunguza ikizidi.

Mimi ningemwandikia kupendekeza kulipa kwa awamu, zilizo kubwa ziangukie msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, maana umesema una mikorosho. Akikataa na kung'ang'ania nyumba tu, karatasi hiyo isomwe na wakili mwingine, asiwe rafiki yake wa ofisi ya jirani.