Jibu refu: kuchinja na kupika mbuzi wako nyumbani, kuanzia kamba hadi sufuria

Nimesoma swali la mwenzetu wa Kisumu nikaona nijibu kwa urefu juu majibu ya kwanza yameruka vitu vya maana. Kwa wale wanaingia saa hii, ameuliza hivi: shemeji yake ako Minnesota kule Marekani, kila Novemba anawinda swara wa kule, wale wenye pembe za matawi, anamtundika kwa gereji siku kadhaa, anamchuna na kumkata mwenyewe, friza inajaa nyama ya mwaka. Sasa jamaa anataka kujua kama hiyo inawezekana huku, na kama swara haiwezekani, mbuzi wa nyumbani afanyweje nyama isitoke ngumu na isinuke.

Swara mtoe kichwani kabisa. Kuwinda kulipigwa marufuku Kenya 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 ni kali, kupatikana tu na hiyo nyama kwa nyumba kunaweza kukufunga. Na hata ukiweka sheria kando, ile nyama ya porini inauzwa kwa kunong'onezana hujui mnyama alikufaje. Hapa kwetu Nakuru 2015 kimeta kiliua nyati wengi sana ndani ya mbuga ya Lake Nakuru. Kimeta mtu anakipata hata kwa kushika damu na ngozi peke yake, si lazima ale, na mbegu zake zinakaa kwa udongo miaka na miaka. Kwa hivyo tuongee mbuzi, na kusema ukweli mbuzi mzuri hana haja ya kuonea swara wivu.

Mimi nimekulia Njoro, mzee wangu alikuwa na bucha, na kisu nimeshika tangu nikiwa shule ya msingi. Jambo moja nataka mshike: nyama inatengenezwa ama inaharibiwa kabla hujawasha moto. Watu wanauliza viungo gani, waloweke na nini, papai ama maziwa lala, na hapo mbuzi alishafika amechoka, akachinjwa na kisu butu, akachunwa na mkono umejaa manyoya. Hakuna kiungo kitarudisha hiyo.

Anza na kununua. Mfungue mdomo uangalie meno ya mbele chini. Akiwa na mawili makubwa katikati yuko kama mwaka mmoja na nusu hivi, hapo ndipo nyama iko na ladha na bado ni laini. Manne ni sawa, kama miaka miwili. Yakijaa yote manane huyo ni wa supu na kuchemsha, usimpeleke kwa choma halafu ulaumu makaa. Chukua dume aliyehasiwa mapema ama jike ambaye hajazaa. Beberu mzima aliyekomaa wachana naye, hiyo harufu mnalalamikia ni yake, ako na tezi nyuma ya pembe na akiwa na joto la kutafuta majike anajikojolea mpaka kwa ndevu. Kisha pitisha mkono mgongoni karibu na kiuno, ukihisi mifupa imechomoka kama kichana huyo hana nyama. Wale wa Baringo, upande wa Marigat na Mogotio, mimi nawapenda kuliko wa huku juu, wanatembea sana na kula vichaka na nyama yao iko na ladha ya kipekee, lakini hapo najua watu wa Pokot watanibishia.

Muulize muuzaji mbuzi alidungwa sindano ama kupewa dawa ya minyoo lini. Hapa watu wanaona aibu kuuliza na sijui kwa nini. Kila dawa ya mifugo iko na muda wa kungoja kabla ya kula nyama, umeandikwa kwa chupa, zingine ni siku chache, zingine mwezi na hata zaidi. Akikosa jibu nenda kwa mwingine. Na mnyama mgonjwa, anayeharisha, anayetoka makamasi, ama ambaye "ameanguka tu jana", usimchinje eti usipate hasara. Hata homa ya Bonde la Ufa, ambayo ilitambuliwa mara ya kwanza hapa karibu tu, shamba moja kando ya Ziwa Naivasha mnamo 1931, inaingia kwa mtu kupitia damu na maji ya mnyama mgonjwa wakati wa kuchinja. Wakati wa mvua nyingi kama ile ya El Niño ya 1997, ukisikia mbuzi na kondoo wanatupa mimba eneo fulani, usinunue huko.

Mlete nyumbani siku moja kabla. Hii ndiyo naomba sana, juu najua vile tunabeba mbuzi, amefungwa miguu nyuma ya boda kilomita ishirini akipiga kelele, anashuka moja kwa moja kwa kisu. Mnyama aliyeogopa na kuhangaika anatumia sukari yote iko kwa misuli, na hiyo sukari ndiyo baada ya kufa inafanya nyama iwe na asidi kidogo ya kuilinda. Ikiisha, nyama inatoka nyeusi, inanata kwa vidole, inaharibika haraka. Mpe kivuli, mpe maji mengi, chakula usimpe tena kuanzia jioni ndiyo tumbo lisijae, tumbo likijaa ni rahisi kulipasua ukitoa matumbo. Na asiwe peke yake akilia usiku kucha, mfunge karibu na wenzake kama wako.

Kuchinja kwenyewe sitaenda ndani sana. Kisu kirefu, kimenolewa mpaka kinakata karatasi, mkono mmoja usiotetemeka, koo na mishipa yote miwili ya damu kwa mkato mmoja. Kwetu tunaita jirani Mwislamu achinje, hivyo wageni wote wanakula bila swali, na ni heshima kwake pia. Mwache damu itoke yote kichwa kikiwa chini, usianze kukata miguu akiwa bado anapiga mateke. Kama kuna wa mutura, yaani utumbo uliojazwa nyama na damu, kinga damu kwa chombo safi ukikoroga ndiyo isigande.

Sasa kuchuna, na hapa ndipo harufu inaingia ama inabaki nje. Mtundike kwa miguu ya nyuma kwa tawi imara. Kanuni ni mkono mmoja wa ngozi, mwingine wa nyama, na hiyo mikono haibadilishani kazi. Manyoya yakigusa nyama umeshapata ile harufu ya beberu hata kama mbuzi alikuwa jike, juu jasho na mafuta ya ngozi ndiyo yananuka. Pasua ngozi kutoka ndani kwenda nje, ncha ya kisu ikiangalia juu, usikate manyoya kutoka juu yakaanguka kwa nyama. Ukishafungua mapajani na tumboni weka kisu chini, tumia ngumi, sukuma ngumi kati ya ngozi na nyama na itaachia yenyewe, ngozi haitobolewi na ule utando mwembamba unabaki kwa nyama ukiilinda. Maji ya moto na sabuni yawe karibu, osha mikono na kisu mara kwa mara. Mzoga wenyewe usiumwagie maji ovyo, watu wanadhani ndiyo usafi kumbe unasambaza uchafu na nyama yenye maji inaoza mapema. Pahali pamechafuka pakate kipande utupe.

Kabla ya kufungua tumbo, zungushia kisu njia ya haja na uifunge kwa kamba, na koo la chakula pia lifunge kule shingoni. Halafu pasua tumbo polepole, vidole viwili ndani vikisukuma matumbo mbali na ncha ya kisu. Kibofu na nyongo vitoe vizima. Wazee wengine wanapenda matone ya nyongo kwa supu, sawa, lakini iwe kwa kupenda, isiwe imemwagika juu ya fileti.

Usikimbilie kuchoma maini kabla hujayaangalia. Kata uangalie mirija, ikiwa imekuwa migumu na minene na ndani kuna vidudu bapa kama majani, hiyo ni minyoo ya ini, tupa ini lote. Ukiona malengelenge yenye maji kwa ini ama mapafu, usiyapasue na usimrushie mbwa hata kipande, chimba shimo refu uzike ama uchome mpaka iwe majivu. Ni ile minyoo ya mbwa, mbwa akila hiyo anabeba minyoo, mayai yanatoka kwa kinyesi chake, mtoto wako anacheza na mbwa na baada ya miaka anapatikana na uvimbe kwa ini. Mimi naonaga watu wakifuga mbwa kwa mapafu mabichi ya kila sherehe na inaniuma sana. Kama una mashaka yoyote piga simu kwa ofisi ya mifugo ya kaunti, mkaguzi wa nyama akuje aangalie, hiyo ni kazi yake. Na nyama ikiwa ya kuuza hata kilo moja, hiyo si mambo ya nyumbani tena, ni machinjio yenye leseni na muhuri.

Kupoa. Shemeji ya jamaa anatundika siku kadhaa kwa sababu Novemba ya Minnesota ni friji yenyewe. Sisi hatuna hiyo. Lakini nyama inahitaji kupumzika, saa chache baada ya kuchinja misuli inakakamaa na hapo katikati ndipo inakuwa ngumu zaidi, halafu kesho yake inaanza kulegea. Kwa hivyo kwangu ni kitu mbili: ama unachinja na kuweka kwa moto saa hiyo hiyo kabla haijakakamaa, ama unangoja mpaka kesho. Ile ya kuchinja saa mbili asubuhi na kuchoma saa tisa ndiyo inavunja watu meno. Nakuru mwezi wa Julai usiku unashuka hadi nyuzi 10 hivi, nachinja jioni, natundika kwa stoo yenye waya wa nzi na hewa inapita, alfajiri nakata. Kisumu usijaribu hiyo, joto la huko halilali, kata vipande vikubwa baada ya mvuke kuisha uweke kwa friji, isiwe friza. Nyama ya moto ikiingia friza moja kwa moja inajikunja na haitalainika tena hata upike mpaka kesho. Friza ni baada ya kulala usiku mmoja.

Kukata, fuata viungo vya mifupa, usipige shoka kila mahali, vipande vya mifupa vitajaa kwa supu. Mbuzi wa kilo 30 akiwa hai anakupa kama kilo 14 na mifupa yake, kwa hivyo piga hesabu ya wageni mapema. Miguu ya nyuma na mbavu ni za choma, mikono na shingo za kuchemsha ama tumbukiza, kichwa na makanyagio ya supu baada ya kuchomwa manyoya na kukwanguliwa mpaka yawe rangi ya dhahabu.

Choma yangu ni chumvi peke yake. Makaa yawe yametulia na jivu juu, mguu mzima uende polepole, saa moja na nusu hadi mbili, ukigeuza, maji ya chumvi ukinyunyiza kuelekea mwisho. Mafuta ya mbuzi yanaganda haraka mdomoni kwa hivyo kachumbari na ugali vingoje nyama, nyama isingoje ugali.

Kwa kuchemsha kumbukeni Nakuru tuko mita 1,850 hivi, maji yanachemka kwa kama nyuzi 94, kwa hivyo nyama yenu ya Kisumu itaiva mapema kuliko ya huku na mkisoma muda wa mtu wa Nakuru mpunguze kidogo. Weka nyama kwa maji baridi, ikichemka toa povu, punguza moto, tangawizi na kitunguu saumu, funika uiache iende polepole saa mbili. Nyanya na dania mwishoni. Moto mkali unaikaza tu.

Ile itabaki, jamaa ako Kisumu na mama yake bila shaka anajua aliya, ile nyama ya kukausha ya Waluo, kuliko mimi. Mimi nimejifunza kwa mama mkwe huko Siaya: kata vipande virefu vyembamba bila mafuta, paka chumvi vizuri, anika juani pahali juu nzi hawafiki, jioni ingiza ndani, na msimu wa mvua itundike juu ya moshi wa jikoni kwa sababu hewa ya ziwa ina unyevu na itashika ukungu. Inakauka mpaka ikivunjwa inalia. Wakati wa kupika iloweke, ichemshe ilegee, kisha kaanga na kitunguu na nyanya, na malai ya maziwa kama yako.

Ngozi usiitupe, itandaze manyoya chini, sugua chumvi nyingi upande wa ndani siku hiyo hiyo. Jamaa, ukishapata mbuzi wako weka hapa meno yake na uzito, nikuambie kama ni wa choma ama wa sufuria.